Tok ya nyuma: miezi mitano chini ya Datsun 240Z

Mlio ulikuwa mmoja tu: tok. Ukikanyaga mafuta, tok. Ukiachia, tok. Ukitoka gia ya kwanza kwenda ya pili bila ustaarabu, tok kubwa inayopanda kwenye kiti hadi kiunoni. Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, mali ya mjomba wangu, aliyeliendesha mpaka goti lake likakataa klachi. Siku aliyonikabidhi funguo alisema, "Mjomba, nyuma kuna kitu kinagonga. Lakini usiogope, kinagonga tangu zamani."

Hilo neno "tangu zamani" ndilo lililonipoteza. Nilijiambia kwamba kitu kinachogonga miaka yote hiyo lazima kiwe kikubwa, na kikubwa kuliko vyote kule nyuma ni difu, lile kasha la gia linalogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili ya nyuma. Kabla sijalala chini ya gari hata dakika moja, nilikuwa nimeshanunua difu nyingine kutoka kwenye gari lililochinjwa. Niliibeba kifuani kama mtoto mchanga, nikaiweka chini ya meza ya kazi, nikajipangusa jasho, nikajiona fundi.

Kwa asiyelijua gari hili: lilitoka mwaka 1969, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4, boneti ndefu, viti viwili. Nyuma halina ekseli moja nzima kama ya pikapu. Kila gurudumu linajitegemea. Difu imefungwa kwenye bodi yenyewe, na pande zake mbili zinatoka shafti fupi, kila moja ina krosi mbili, yaani maungio yanayoiruhusu kupinda huku ikizunguka, zinazopeleka nguvu kwenye haba, kitovu cha gurudumu. Gurudumu linashikwa juu na strati, yaani springi na shokomzoba ndani ya nguzo moja, na chini na mkono mpana wa chuma unaobembea kwenye bushi za mpira. Mpangilio huo ulishinda Safari Rally mara mbili, mwaka 1971 na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na mwaka 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Mjomba huwataja kila gari linapokataa kuwaka, kana kwamba wataona aibu huko waliko. Mimi humjibu kwamba wale walikuwa na kundi la mafundi nyuma yao, na mimi nina jeki moja na tochi ya kuvaa kichwani.

Siku ya kwanza chini ya gari ndiyo iliyonivunja kiburi. Nilikaza mawe magurudumu ya mbele, nikainua nyuma, nikaweka stendi mbili, nikalitikisa gari kwa nguvu kabla sijaingia. (Jeki peke yake usiiamini. Jeki ni ya kuinulia, stendi ndiyo ya kushikilia.) Nikaweka kipande cha mbao juu ya jeki, nikakipeleka chini ya pua ya difu, pale propela, shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi, inapoingia, nikapiga pampu taratibu.

Pua ikapanda. Gari halikupanda, difu peke yake ndiyo ilipanda, na ule mpira mnene unaoibeba kwa mbele ukafunguka kama mdomo. Niliingiza kidole katikati ya mpira na bamba lake la chuma. Kidole kizima. Nikateremsha jeki, mdomo ukafunga, na kwa nje usingejua kitu. Vumbi tu na mafuta ya zamani.

Difu ya gari hili imekaa kwenye sehemu tatu. Mbele inabebwa na huo mpira, uliofungwa kwenye kiunzi cha chini. Nyuma inashikwa na upau bapa wa chuma wenye umbo la masharubu, na kila ncha ya masharubu imebanwa kwenye bodi kwa mpira wake. Injini inapovuta, pinioni, gia ndogo ya ndani ya difu, inataka kuikwea krauni, ile gia kubwa, na pua ya difu inanyanyuka. Juu ya pua umepita mkanda wa kuizuia isipande mno. Mpira ukishaachana na bamba lake, pua hupanda mpaka igote kwenye mkanda, na ukiachia mafuta inaanguka chini. Tok ya kwenda, tok ya kurudi. Difu ya mjomba haikuwa na kosa lolote, ilikuwa ikirushwarushwa tu.

Mtu mwenye akili angebadilisha mpira ule Jumamosi na Jumapili akaendesha. Mimi nilifanya kosa la kuendelea kutazama. Niliweka gia, nikashika gurudumu la kushoto kwa mkono mmoja nikilitikisa mbele na nyuma, mkono mwingine nikaupapasisha kwenye krosi ya ndani, kidole kimoja upande huu wa maungio na kingine upande ule. Upande mmoja ulianza kusogea, wa pili ukafuata baadaye kidogo. Ule ucheleweshaji unausikia kwa ngozi kabla ya jicho kuuona. Nikaenda kwenye bushi za mikono ya chini: zimepasuka pande zote. Mipira ya masharubu imeliwa na mafuta hadi ikawa laini kama ndizi iliyoiva mno. Mipira yote hiyo ilizaliwa siku moja, na ilikuwa inakufa pamoja. Nikaamua kushusha kila kitu.

Difu ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, ila kwa jambo moja ambalo nusura nilisahau: fungua kwanza tundu la kujazia, ndipo ufungue la kumwagia. Ukimwaga mafuta kisha ukakuta kizibo cha juu kimeganda, umebaki na gari lisilokwenda popote. Changu kiligoma hadi nilipochomeka bomba refu kwenye mpini wa spana. Mafuta yalitoka meusi, yananuka yai bovu kama yanukavyo mafuta ya difu, lakini nilipoyasugua kati ya vidole kwenye mwanga wa jua sikuona hata chembe moja inayong'aa. Nikafungua kifuniko cha nyuma, nikapaka rangi meno machache ya krauni, nikazungusha, nikatazama alama. Ilikaa katikati ya jino, safi. Nikapima mwanya wa meno kwa saa ya kupimia, nikakuta sehemu moja ya kumi ya milimita na ushee, kama inavyotakiwa.

Kwa udadisi, nikaifungua na ile niliyonunua. Meno yake yana vishimo. Kwa hiyo nilikuwa nimelipia difu mbovu ili nibadilishe difu nzima.

Sasa nifike kwenye pini, maana hapo ndipo kazi hii inapowatenganisha watu.

Mkono wa chini unaungana na strati kwa pini moja ya chuma, ndefu shibiri na zaidi, inayopita ndani ya nyumba ya haba kutoka upande wa mbele hadi wa nyuma. Kila ncha ina nyuzi na nati. Katikati, ndani ya chuma, pini ina kijikato, na kabari ndogo inaingia kwa kukingama na kukaa kwenye kijikato hicho ili pini isisogee. Maji na tope huingia humo taratibu kwa miaka hamsini. Kutu ikavimba, na chuma kikaoana na chuma.

Upande wa kulia nilianza nao kwa hasira. Nilifungua nati mbili za ncha, nikafungua na nati ya kabari, nikapuliza mafuta ya kulegeza kutu, nikalala. Kesho yake nikachukua nyundo. Nilipiga jioni nzima. Jioni ya pili nikabadilisha nyundo, nikachukua kubwa zaidi. Ncha ya pini ikavimba kama uyoga, nyuzi zikapotea, na pini haikusogea hata unywele. Jioni ya tatu nilipanguza tope kwa brashi ya waya ili nione ninachopiga, na ndipo nilipoiona: kabari imo, imekaa mahali pake, haijatikisika. Nilikuwa nimetoa nati yake, tope kavu lenye rangi ileile likaijaza nafasi, nami nikadhani tundu liko wazi. Siku tatu nilikuwa nikipiga pini iliyofungwa kwa kufuli.

Kuitoa kabari baada ya hapo kulihitaji kuichimba kwa drili, na pini sasa ilikuwa na kichwa cha uyoga kisichoweza kupita kwenye tundu. Ikabidi niikate. Kati ya mkono wa chini na nyumba ya haba kuna upenyo mwembamba ambao msumeno wa chuma unaingia kwa taabu. Nilikata pande zote mbili, nyembe nne za msumeno zikaisha makali. Mkono ukatoka. Kipande cha katikati kikabaki ndani ya nyumba kama jino lililovunjikia kwenye ufizi.

Strati nzima nikaipeleka kwa mzee mmoja mwenye presi ya haidroliki. Aliigeuza mara moja tu.

"Kijana, hii umeipiga nyundo."

"Ndiyo, mzee."

"Kabla ya kutoa kabari."

Sikujibu. Naye hakuwa ameuliza. Alipasha moto nyumba ya haba pande zote, taratibu, moto haukai sehemu moja, kisha akaiweka kwenye presi. Geji ilipanda, ikapanda, nikarudi nyuma hatua mbili bila kujua. Kipande kilipokubali kulikuwa na mlipuko kama wa bunduki, na baada ya hapo kikatoka polepole kikimwaga unga mwekundu wa kutu.

Upande wa kushoto nilikuwa mtu mwingine. Kabari kwanza, nikihakikisha kwa tochi kwamba naona mwanga ng'ambo ya tundu. Mafuta ya kulegeza siku nne mfululizo. Halafu sikupiga, nilivuta: nikafunga nati ndefu kwenye nyuzi za pini, nikaipa bolti ndefu, nikazungushia bomba nene na washa kadhaa, nikakaza nati ya bolti ili pini ivutwe kuingia ndani ya bomba. Ilitoka kwa dakika arobaini hivi, ikilia kama mlango wa nyumba ya zamani. Pini mpya zote mbili nilizipaka grisi ya kuzuia kugandana kabla ya kuzirudisha. Atakayezitoa baada yangu asinilaani.

Bushi za mikono ya chini zina ganda la chuma kwa nje, limebanwa ndani ya mkono. Nilitoboa mpira kwa drili mpaka kiini kikatoka, kisha nikaingiza msumeno ndani na kukata ganda kwa urefu. Hapa kazi inataka subira, maana ukizidisha mpigo mmoja umeukata na mkono wa chini wenyewe. Unasikia sauti ikibadilika ganda linapokaribia kuisha, inakuwa nyembamba, ndipo unaacha msumeno na kumalizia kwa tindo. Wapo wanaochoma mpira kwa moto. Nilijaribu kwa bushi moja, moshi mweusi na harufu vilinitoa nje, sikurudia.

Watu wengi wanaofanya kazi hii siku hizi huweka bushi za plastiki ngumu badala ya mpira. Sibishani nao kwa gari la mashindano. Kwa gari la barabarani mimi nilirudisha mpira kila mahali, na hasa chini ya difu. Ukiishikilia difu kwa kitu kigumu, kila meno yanavyosagana wewe utayasikia ndani, na nilikuwa nimechoka na milio.

Krosi ni kazi ya vidole. Unatoa klipu, unasukuma kikombe kimoja kwa kutumia kingine kwenye jiliwa, na kabla ya yote unaweka alama kwenye shafti ili irudi ilivyokuwa. Shafti za gari hili zina gololi ndani, ndizo zinazoziruhusu kurefuka na kufupika gurudumu linapopanda na kushuka. Ukiifungua hovyo gololi zinakimbia sakafuni nawe unazifuata kwa magoti. Mimi zilinikimbia. Kisha kwenye krosi ya tatu kikombe kiligoma kufika mwisho, klipu haiingii. Nilibana jiliwa zaidi, na hapo nikakumbuka nyundo na kabari, nikaacha. Nilipokitoa kikombe, sindano moja ya beringi ilikuwa imeanguka na kulala chini yake. Grisi zaidi, sindano zote zikasimama ukutani, kikombe kikaingia kwa kusukumwa tu.

Springi sitazisema sana. Zibane kwa vibanio viwili vinavyotazamana, zamu kwa zamu, uso wako usiwe usawa wa ncha. Shokomzoba mpya niliziingiza ndani ya bomba la strati na kumimina mafuta kidogo kuzizunguka, ili joto lipate njia ya kutoka.

Halafu nikakosea tena, kosa la usafi safari hii. Ndani ya haba, kati ya beringi ya ndani na ya nje, kuna kipande cha bomba kinachozitenganisha. Kiwanda kilivitengeneza kwa urefu wa aina tatu, A, B na C, na kila nyumba ya haba imegongwa herufi inayolingana na kipande chake. Nilivijua vyote hivyo. Nilivisoma. Kisha nikaviosha vyote viwili kwenye beseni moja la mafuta ya taa. Nilipokaza nati kubwa ya kulia, ile inayotaka nguvu kuliko nati nyingine yoyote kule nyuma, gurudumu likazunguka kwa uzito, kama linapita kwenye asali. Kipande kilikuwa kifupi kuliko kinavyotakiwa, beringi zimebanana. Nikafungua, nikasugua kutu kwenye nyumba, nikaona herufi: si yake. Nati ile ikishagongwa kufungwa haitumiki tena, na beringi niliyoivuta nje nayo haikufaa. Tangu siku hiyo kila upande una beseni lake, na jina limeandikwa kwa rangi.

Lilibaki kosa moja, nalo nililifanya siku ya furaha. Kila kitu kiko mahali pake, gari liko juu ya stendi, magurudumu yananing'inia, nami nakaza bolti moja baada ya nyingine kwa spana ya kipimo nikipiga mluzi. Nikalishusha. Gari likakaa limeinua makalio kama paka aliyekasirika. Niliendesha kidogo nikitumaini litatulia, halikutulia.

Bushi ya mpira haizunguki. Kiini chake kinabanwa na bolti, ganda lake linabanwa na mkono, na mkono unapopanda au kushuka ni mpira wenyewe unaojipinda katikati. Ukikaza gurudumu likiwa linaning'inia, umeuambia mpira kwamba hapo ndipo kwao; ukilishusha gari, mpira unakaa umejipinda kutwa kucha, unasukuma bodi juu, na hautakaa muda mrefu kabla haujachanika. Ilibidi nilegeze tena zote, magurudumu niyapandishe juu ya magogo mapana ya mbao ili nipate nafasi ya kuingia chini, nilisukume gari mbele na nyuma kidogo, nilibonyeze kona zote, ndipo nikaze uzito wote ukiwa ardhini. Nilipotoka chini gari lilikuwa limekaa kama linavyokaa kwenye picha za zamani.

Mjomba ndiye aliyeketi kiti cha abiria siku ya kwanza. Gia ya kwanza, ya pili, nikaachia mafuta kwa makusudi, nikakanyaga tena. Hakusema kitu mpaka tulipofika mwisho wa barabara na kugeuza. Kisha akainamisha sikio.

"Mbona kimya?"

"Si ndicho tulichokitaka, mjomba?"

"Ndiyo," alisema, "lakini sasa nasikia mlango."

Baada ya kilomita mia tano nililirudisha juu ya magogo nikapitia kila nati. Moja ya zile nne zinazofunga shafti ya kulia kwenye difu ilizunguka robo kabla haijakaza; nyingine zote zilikuwa kimya. Sili ya upande wa kushoto wa difu inatoa jasho, tone moja kwa usiku. Nilipoiweka mpya niliona mfereji mwembamba uliochimbwa na sili ya zamani kwenye chuma, nikausugua kwa msasa laini na kujidanganya kwamba umekwisha. Ni kazi ya jioni moja. Nimeweka boksi la karatasi chini yake, na ile difu mbovu bado iko chini ya meza, imefunikwa turubai, mjomba asiione.